Los Angeles imebanana kuliko New York. Mnaobisha njooni na takwimu

#1 · Mpima_Mitaa
Wakuu, salama. Jana nimebishana na binamu yangu kwenye simu mpaka chai ikapoa. Yeye yuko New Jersey mwaka wa tisa sasa, mimi niko Dodoma nasoma mipango miji. Nilimwambia Los Angeles imebanana watu kuliko New York, akacheka, akakata simu. Nimeona niulete hapa.

Sensa ya Marekani ina kipimo kinachofuata nyumba zilivyoungana, hakijali mpaka wa manispaa unaishia wapi. Kwa sensa ya 2020, Los Angeles na vitongoji vilivyoshikana nayo ina watu takriban 2,890 kwa kila kilomita moja ya mraba. New York na vya kwake ni takriban 2,310. San Francisco na San Jose nazo zinaipita New York.

Imekuwaje mji wa magari uwashinde watu wa maghorofa? Na kama watu wamebanana hivyo, mbona ofisi zake hazikurundikana pamoja kama za Manhattan, kisiwa cha katikati ya New York? Ukitazama picha za LA kutoka juu, katikati kuna maghorofa machache yamechomoza kama meno ya mtoto, halafu ni tambarare mpaka milimani.

#2 · Kizingiti
Mkuu, hizo hesabu umezipindisha. Jiji la New York lenyewe lina watu 8,804,190 kwenye kilomita za mraba kama 778. Gawanya, unapata zaidi ya 11,300. Jiji la Los Angeles lina watu 3,898,747, msongamano wake ni kama 3,200. Hata Chicago inaipita LA, iko kwenye 4,650. Binamu yako alikuwa na haki ya kukata simu.

#3 · Mpima_Mitaa
Soma tena nilichoandika, Kizingiti. Wewe umepima jiji kwa mpaka wa halmashauri. Mpaka ni mstari wa wanasiasa. Mtu anayelala New Jersey na kufanya kazi Manhattan ni wa mji upi? Mimi nimepima mji wote kama unavyoonekana ukiwa kwenye ndege usiku, taa zinapoanzia na zinapokatikia.

#4 · Dada_wa_Vermont
Naomba niseme mimi ninayeishi huko. Niko Los Angeles, karibu na barabara ya Vermont, upande wa Koreatown. Jengo letu lina ghorofa mbili tu, ukilipita njiani huligeukii. Ndani kuna nyumba 16. Yetu ni chumba na sebule na tunalala watano. Nyuma kuna gereji ambayo mwenye nyumba aliigeuza chumba, anakaa baba na wanawe wawili. Asubuhi basi la Vermont likifika linakuwa limejaa kama daladala ya Mbagala, nasimama mguu mmoja mpaka nishuke.

Hakuna ghorofa refu mtaani kwetu. Lakini watu tupo, tena wengi. Kwa hiyo Mpima_Mitaa hajakosea, ila picha ya kutoka juu haiwezi kukuonyesha tuko wangapi chini ya kila paa.

#5 · Mhasibu_Mstaafu
Vijana, nyote wawili mna ukweli na kinachowagonganisha ni wastani. Chukua watu 100. Tisini uwaweke kwenye jengo moja, kumi uwape kila mmoja shamba la ekari tano. Ukigawa watu wote kwa ardhi yote utaambiwa kijiji hiki kiko wazi, kimepwaya. Ukimuuliza mtu mmoja mmoja "kwako pamebanana?", tisini watakujibu ndiyo.

New York ndiyo hicho kijiji. Katikati kuna Manhattan yenye watu zaidi ya 28,000 kwa kilomita ya mraba, na pembeni kuna vitongoji vya New Jersey ambako sheria za mji mdogo zinadai kiwanja cha nyumba moja kisipungue ekari moja, kwingine mbili. Los Angeles haina kilele kile wala haina pembezoni palipopwaya vile. Imetandazwa sawasawa kama uji kwenye sahani.

Baada ya sensa ya 2010 watu wa sensa wenyewe walitoa kipimo kinachohesabu msongamano anaoishi nao mtu wa kawaida pale anapokaa. New York ilipata kama 12,000 kwa kilomita ya mraba, Los Angeles kama 4,700. Kipimo hicho kinampa ushindi binamu.

#6 · Mama_Kachumbari
Mpima_Mitaa, hiyo chai ipashe moto umpigie binamu.

#7 · Mwamba_Imara
Kuhusu ofisi kurundikana Manhattan, jibu ni jiolojia. Kisiwa kile kina mwamba mgumu. Upande wa kusini uko karibu na uso wa ardhi, katikati uko karibu tena, na kati ya hapo unazama. Ndiyo maana maghorofa yako makundi mawili na kati yake kuna bonde la majengo mafupi. Los Angeles ina matetemeko na udongo wa mtoni. Tulifundishwa hivyo.

#8 · Kizingiti
Mwamba_Imara, maelezo hayo ni matamu ila yamepimwa yakapungua uzito. Mchumi Jason Barr na wenzake walichukua majengo marefu ya Manhattan ya kati ya 1890 na 1915 na kulinganisha kina cha mwamba na gharama za msingi. Gharama ya kuchimba zaidi ilikuwa ndogo ukilinganisha na bei ya ardhi. Tena baadhi ya majengo marefu kabisa ya enzi hizo yalisimama jirani na ofisi za jiji, mahali ambapo mwamba umezama sana. Bonde lile lilibaki fupi kwa sababu lilikuwa la nyumba za maskini na viwanda, wakati matajiri na maduka yao walikuwa wanahamia kaskazini.

Na Chicago je? Imekaa juu ya udongo wa mfinyanzi laini, na ghorofa linalotajwa kuwa la kwanza la fremu ya chuma lilijengwa huko 1885. Houston nayo ni udongo mtupu, lakini ina ghorofa la mita 305 tangu 1982.

#9 · Mwamba_Imara
Nimekubali kwa Chicago. Lakini kupungua uzito siyo kufa. Hata utafiti huo haukusema mwamba hauna kazi kabisa.

#10 · Reli_ni_Uhai
Ofisi zinafuata miguu ya watu. Kabla ya 2020, siku ya kazi Manhattan ilikuwa inabeba watu karibu milioni 4, na wanaolala pale ni 1,694,251 tu kwa sensa. Hao wengine wanaingia kwa treni za chini, treni za vitongoji, mabasi na feri. Grand Central ilifunguliwa 1913, wakafunika reli zake, juu yake wakapanga ofisi. Chicago ile duara ya reli ya juu ilikamilika 1897, na eneo la ofisi mpaka leo linaitwa kwa jina la duara hilo, Loop.

Ghorofa la ofisi la watu 10,000 likijazwa na watu wa magari linahitaji maegesho makubwa kuliko ofisi yenyewe. Fanya hesabu: gari moja na njia yake ya kupita linakula kama mita za mraba 30, meza ya karani haifiki 15.

#11 · Trela_Moja
Aisee wadau, mimi niko Houston, natokea Eldoret. Huku hatuna sheria ya kugawa jiji kwa matumizi. Wapiga kura waliikataa 1948, 1962 na tena 1993. Ofisi zimemwagika kila kona. Kuna za katikati, kuna Uptown, kuna Greenway Plaza, kuna za mafuta kule magharibi kwenye barabara kuu nambari 10, na kuna mtaa wa hospitali peke yake wenye wafanyakazi zaidi ya 100,000. Uptown kuna ghorofa la sakafu 64, mita 275, lilijengwa 1983, na liko kilomita kama kumi kutoka katikati ya jiji.

Siku moja nilipeleka mzigo katikati ya jiji saa sita mchana, Julai. Barabarani sikuona mtu. Nikadhani ni sikukuu. Mlinzi akanionyesha ngazi, nikashuka. Chini kuna mapito yanayounganisha majengo, karibu kilomita kumi kwa jumla, yana viyoyozi, na watu wamefurika, foleni ya chakula, fundi viatu, kinyozi. Nilikula wali na maharage kule chini nikasahau joto. Jioni na wikendi panafungwa kote.

#12 · Mama_Kachumbari
Wali na maharage chini ya ardhi! Bei gani?

#13 · Trela_Moja
Dola 11, na maharage yalikuwa hayajaiva vizuri.

#14 · Reli_ni_Uhai
Trela_Moja, nimekusoma. Lakini sikubaliani kwamba Houston haina sheria. Haina ramani ya matumizi tu. Ina masharti ya hati za viwanja ambayo jiji lenyewe linasaidia kuyasimamia mahakamani, na kwa miaka mingi kila jengo nje ya katikati lililazimishwa kuweka idadi fulani ya maegesho. Hiyo ndiyo iliyotawanya ofisi.

#15 · Mpima_Mitaa
Niongeze kwa Houston, maana niliiandikia zoezi darasani. Mwaka 1998 walishusha ukubwa wa chini wa kiwanja ndani ya barabara ya mzunguko ya 610, kutoka mita za mraba kama 465 hadi kama 130. Mwaka 2013 wakapanua utaratibu huo kwa jiji zima. Pale palipokuwa na nyumba moja na bustani zikaota nyumba tatu au nne nyembamba za ghorofa tatu. Watu wakaongezeka bila ghorofa refu hata moja. Jiji zima bado ni kama watu 1,390 kwa kilomita ya mraba, lakini ukipita mitaa ile unaona tofauti kwa macho.

#16 · Mkazi_wa_Silver_Spring
Mbona hamuitaji Washington? Ofisi zimejaa na hakuna ghorofa refu hata moja. Sheria inakataza jengo kuzidi kuba la bunge lao, kwa heshima.

#17 · Kizingiti
Ndugu yangu wa Silver Spring, hiyo ya kuba inasimuliwa sana, lakini sheria haisemi hivyo. Mwaka 1894 lilijengwa jengo la kupanga liitwalo Cairo, sakafu 12, karibu mita 50. Majirani wakalalamika kuhusu moto na mwanga, ndipo bunge likatunga sheria ya 1899 na kuirekebisha 1910. Kinachoangaliwa ni upana wa barabara: jengo lisizidi upana huo pamoja na mita kama 6, na kwenye barabara za biashara mwisho ni kama mita 40.

#18 · Mkazi_wa_Silver_Spring
Asante kwa sahihisho. Nilikaa miaka kumi naisimulia vibaya. Basi matokeo yake nayaona kila siku: ofisi za mtaa wa K zimejaza kiwanja chote mpaka ukingoni, kama masanduku yaliyopangwa stoo, na waliotaka kwenda juu walivuka mto Potomac wakajenga Rosslyn. Ukiwa upande huu unaona kabisa mahali sheria inapoishia.

#19 · Dada_wa_Vermont
LA nayo ilikuwa na kikomo. Tangu mwanzoni mwa karne iliyopita mpaka miaka ya 1950 jengo halikuruhusiwa kuzidi mita 46 hivi. Jengo la halmashauri la 1928 pekee ndilo lilipewa ruhusa, likabaki limesimama peke yake miaka mingi. Kikomo kilipoondoka watu walishakuwa na magari, na ofisi zikaifuata barabara ya Wilshire kuelekea baharini badala ya kwenda juu. Century City ilijengwa kwenye uwanja wa studio ya filamu uliouzwa 1961. Kwa hiyo tuna mitaa ya ofisi, "Posta" nyingi ndogondogo, na hakuna Posta moja. Mimi nafanya usafi wa nyumba Century City, nabadilisha basi mara mbili. Kama ofisi na nyumba hizo zingekuwa mahali pamoja na treni ingefika, ningekuwa nalala saa moja zaidi.

#20 · Maji_Kwanza
Sheria, reli, mwamba, sawa. Hakuna aliyetaja maji. Kusini mwa California kukavu, huwezi kujenga nyumba porini ukachimba kisima chako ukaendelea na maisha. Lazima uungwe kwenye bomba. Mfereji wa kuleta maji Los Angeles ulifunguliwa 1913, na 1915 bonde la San Fernando likakubali kuingizwa ndani ya jiji ili lipate maji hayo. Mkandarasi aliyelipia bomba anabana viwanja ili gharama igawanyike kwa wengi. Mashariki, mvua ipo, mtu anaweza kuwa na kisima na shimo lake la maji taka, ndiyo maana vitongoji vya New York na Boston vimetapakaa msituni. Ongezeni na milima inayoibana LA upande mmoja na bahari upande wa pili.

#21 · Reli_ni_Uhai
Hiyo inaeleza watu, haielezi ofisi.

#22 · Maji_Kwanza
Kweli. Lakini swali la #1 lilikuwa mawili, nimejibu moja.

#23 · Mhasibu_Mstaafu
Nawaachia namba moja mwikumbuke. Mwaka 1910 Manhattan ilikuwa na wakazi 2,331,542. Kwa sensa ya 2020 ina 1,694,251. Ilikuwa imebanana zaidi kabla hata ya maghorofa yake mengi mnayoyajua, wakati mtaani Lower East Side familia zinalala chumba kimoja kwenye majengo ya sakafu tano na sita, bila lifti. Ofisi zilipopanda, watu waliondoka. Na ng'ambo ya mto kuna mji mdogo unaitwa Guttenberg, una watu 12,017 kwenye karibu nusu kilomita ya mraba. Hakuna anayeutaja kwenye orodha za miji mikubwa. Msichanganye urefu wa jengo na wingi wa watu.

#24 · Baba_Shani_NJ
Binamu mwenyewe nimefika. Guttenberg nimeishi miaka miwili, mzee anasema kweli, kupata maegesho pale ni kuzunguka dakika arobaini. Mpima_Mitaa, sikukata simu kwa dharau. Treni iliingia kwenye handaki la chini ya mto Hudson, mtandao ukapotea. Lakini bado nasema New York imebanana kuliko LA. Njoo usimame Penn Station saa kumi na moja na nusu jioni uniambie habari za wastani.

#25 · Mpima_Mitaa
Nimekusamehe, ila takwimu sizifuti.

#26 · Zamu_ya_Usiku
Nimewasoma tangu jana nikiwa kazini. Mimi ni msafishaji wa ofisi Chicago, ndani ya Loop, mwaka wa kumi na moja. Mnazungumzia ofisi zilivyojengwa. Naomba niwaambie zilivyo sasa.

Zamani sakafu moja ilinipa toroli tatu za taka kila usiku. Siku hizi sakafu nne hazijazi mfuko mmoja. Vakyumu ikipita kwenye zulia inaacha mistari, myepesi na mizito, kama shamba lililolimwa. Nikipita Jumatatu, narudi Alhamisi naikuta mistari yangu ile ile, hakuna aliyeikanyaga. Kampuni ninayofanyia imepunguza saa zetu, tulikuwa kumi na wanne kwenye jengo, tumebaki sita. Mwenzangu mmoja kutoka Goma amehamia kwenye maghala ya mizigo nje ya jiji, ananiambia huko kazi ipo usiku na mchana.

#27 · Kizingiti
Pole sana, Zamu_ya_Usiku. Hii ndiyo sehemu ambayo vitabu vyetu havijaifikia. San Francisco ndiyo imeumia zaidi: zaidi ya asilimia 30 ya nafasi za ofisi zilikuwa tupu kufikia 2023. Na huu ni mji ambao tangu 1986 wapiga kura waliweka kikomo cha ofisi mpya, kama mita za mraba 88,000 kwa mwaka, kwa hofu kwamba ofisi zitazidi. Kuna miaka waligombania foleni ya vibali, leo nafasi hazina mpangaji.

#28 · Reli_ni_Uhai
Na mabasi na treni zinategemea nauli za watu hao. Nyuzi zote mbili zinakatika pamoja.

#29 · Mkazi_wa_Silver_Spring
Si wazigeuze nyumba za kuishi? Watu wanalala watano sebuleni kwa dada wa Vermont, na Chicago kuna sakafu nzima za mazulia yasiyokanyagwa.

#30 · Baba_Shani_NJ
Wanageuza. Hapa kusini mwa Manhattan kuna jengo moja la ofisi la 1969, Water Street, limegeuzwa kuwa nyumba karibu 1,300. Shida ilikuwa madirisha. New York chumba cha kulala lazima kiwe na dirisha, na jengo lilikuwa nene. Ikabidi wakate matundu mawili ya ua katikati ya jengo kutoka juu mpaka chini ili mwanga uingie, kisha sakafu walizopoteza wakaziongeza juu.

#31 · Dada_wa_Vermont
Los Angeles ilianza 1999, mtaa wa Spring, majengo ya zamani ya mabenki. Yale yalikuwa rahisi. Sijui kwa nini yale na si haya mapya.

#32 · Mhasibu_Mstaafu
Kwa sababu yalijengwa kabla ya taa za mirija na viyoyozi kuenea, binti yangu. Karani alihitaji dirisha ili aone daftari lake. Jengo halikuweza kuwa nene. Baada ya vita kuu ya pili taa na hewa vikatoka kwenye dari, wakanenepesha majengo. Zamu_ya_Usiku, unaweza kutupimia? Kutoka mlango wa lifti mpaka dirishani ni hatua ngapi?

#33 · Mama_Kachumbari
Nasubiri na mimi.

#34 · Zamu_ya_Usiku
Nimepima usiku huu wakati wa mapumziko. Jengo letu ni la miaka ya 1970. Ghorofa ya 17, kutoka lifti hadi dirisha la mashariki, hatua 31. Katikati ya hapo nilizima taa nikasimama. Mwanga wa barabarani unaishia kwenye safu ya tatu ya meza, nilipo mimi sikuona mkono wangu.

Halafu nikavuka barabara. Upande wa pili, mtaa wa LaSalle, kuna jengo la miaka ya 1920 ambalo mlinzi wake ni mtu wa Mombasa, tunajuana. Jiji lina mpango tangu 2022 wa kusaidia ofisi za mtaa huo ziwe nyumba, mradi asilimia 30 ziwe za bei nafuu. Akanipandisha ghorofa ya 9. Hatua 12, nikagusa kioo. Mazulia yote yameng'olewa, sakafuni wamechora kwa chaki: hapa jiko, hapa choo, hapa kitanda.